Nenda mlimani ukasali, lakini dawa usiziache nyumbani

Ukipita alfajiri kwenye mawe ya ufukweni Musoma, au ukapanda kidogo milima ya Balili pale Bunda, hutakosa kumkuta mtu anasali. Mmoja ameketi na Biblia mapajani, mwingine anatembea taratibu na rozari mkononi, wa tatu amefumba macho akisikiliza maji ya ziwa. Si wote wazima. Yupo mwenye presha, yupo aliyeambiwa jana kwamba uvimbe wake unahitaji upasuaji, na yupo mama ambaye mtoto wake amelazwa wodini na usiku kucha hakulala.

Kuhusu watu hawa kuna maneno ya aina mbili. Baadhi ya wahudumu wa afya husema wanapoteza muda ambao wangeutumia kufuata matibabu. Baadhi ya wahubiri nao husema mgonjwa akipanda mlimani kwa imani ya kutosha, hatahitaji tena kadi ya kliniki. Naona pande zote mbili zinamkosea mgonjwa.

Msimamo wangu wiki hii ni huu: kusali na kutafakari kwa utulivu nje, chini ya mti au kando ya ziwa, kunamsaidia mgonjwa, na ni msaada usiomgharimu hata shilingi. Ila sala ya mgonjwa inahitaji utaratibu wake. Iwe fupi, iwe karibu na nyumbani, na ifanyike baada ya dawa na chakula. Utaratibu huo ukivunjwa, mlima uleule uliompa mtu nafuu unaweza kumuua.

Mwili unanufaikaje?

Tuanze na pumzi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa madaktari wa Italia waliowapima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini. Waliposali, pumzi zao zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mfumo wa mwili unaorekebisha presha na mapigo ya moyo ukafanya kazi vizuri zaidi. Hakuna aliyewafundisha kupumua polepole. Mwendo wa sala yenyewe ndio uliowapunguza kasi.

Pili ni mawazo yanayozunguka. Mgonjwa anakijua kitu hiki: unalala, unaamka, na wazo ni lilelile. Je, nitapona? Nani atalipa ada ya watoto? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwatuma watu kutembea kwa dakika 90. Kundi moja lilitembea kwenye nyasi na miti, lingine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliotembea penye miti walirudi wakisema mawazo ya kujisumbua yamepungua, na vipimo vya ubongo vilionyesha utulivu katika eneo linalohusika na huzuni. Waliotembea barabarani hawakupata mabadiliko hayo.

Tatu ni muda. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu karibu 20,000, ulionyesha kwamba waliotumia walau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha. Haikujalisha kama dakika hizo walizimaliza siku moja au walizigawa kidogo kidogo. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowapa afya, kwa sababu huenda wenye afya ndio hutoka nje zaidi. Hata hivyo unatupa kipimo chepesi: nusu saa mara nne kwa wiki.

Tena si lazima mtu awe na miguu ya kupanda. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilazwa vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na nusu walitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, mgeuzie kitanda kielekee dirishani.

Sayansi inapoishia

Hapa inatupasa kusema ukweli wote. Mwaka 2006 ulitolewa utafiti mkubwa wa maombi katika hospitali sita za Marekani, ukihusisha wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Baadhi waliombewa bila kujua kwa hakika kama wanaombewa, baadhi hawakuombewa na watafiti hao, na kundi la tatu liliambiwa wazi kwamba linaombewa. Kuombewa hakukupunguza matatizo baada ya upasuaji. Waliojua kwamba wanaombewa ndio waliopata matatizo zaidi, 59 kati ya kila 100, huku makundi mengine mawili yakiwa na 51 na 52.

Mtu wa imani hana sababu ya kutishwa na takwimu hizo. Mungu hawekwi kwenye mizani kama dawa inayopimwa kwa miligramu. Lakini lipo jambo ambalo mgonjwa analiona mara moja akiusoma utafiti huo: wagonjwa wote 1,802 walifanyiwa upasuaji. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa achague kati ya maombi na kisu cha daktari.

Kwa hiyo tuyatenganishe mambo mawili. Sala ya utulivu inashusha pumzi, inapunguza wasiwasi, inasaidia usingizi na kumpa mgonjwa nguvu ya kuendelea na matibabu. Hayo tunaweza kuyasema bila kusita. Kwamba inaondoa virusi vya Ukimwi mwilini, au inayeyusha uvimbe, au inamrudishia mwenye kisukari insulini yake, hilo hakuna daktari anayeweza kukuandikia, na mchungaji mwaminifu hatakuahidi.

Palipoharibika

Hatujasahau mwaka 2011. Maelfu ya watu, wakiwamo wa kutoka mikoa hii ya Kanda ya Ziwa, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kulikuwa na wagonjwa waliotolewa wodini na ndugu zao. Wengine walifia njiani au kwenye foleni. Wapo walioacha dawa za kufubaza VVU wakiamini wamepona, wakarudi kliniki baadaye wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoondoka.

Kisha ikaja Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu ulio Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ya waumini walioelezwa kuwa walifunga hadi kufa. Idadi ilipita 400, na watoto walikuwa wengi. Mhubiri anayehusishwa na vifo hivyo, Paul Mackenzie, amekana mashtaka, na mahakama ndiyo itakayoamua. Ila mzazi yeyote anapaswa kukumbuka kwamba watu wale nao walianza safari yao kwa kutafuta mahali pa utulivu pa kusali.

Haya ni makubwa, yaliyotangazwa duniani kote. Madogo hayatangazwi. Chukulia mama mwenye kisukari ambaye kikundi chake cha maombi kimepanga kufunga siku tatu. Asubuhi anachoma insulini yake kama kawaida, kisha anapanda mlimani bila kula. Saa saba mchana anaanza kutetemeka, jasho jembamba linamtoka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Wenzake wanaona ameshukiwa na roho, wanaongeza sauti ya maombi. Kumbe sukari yake imeshuka, na kilichohitajika pale ni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda, na kama amepoteza fahamu, gari la kumkimbiza hospitali bila kumnywesha chochote.

Na kwa nini daktari wake hakujua kwamba anafunga? Mara nyingi ni kwa sababu mgonjwa aliogopa kusema. Alishawahi kumsikia muuguzi akimcheka mwenzake aliyetaja maombi, naye akajifunza kunyamaza. Dharau ya mhudumu wa afya haimwondoi mgonjwa mlimani. Inamfanya apande kwa siri tu.

Elia alianza kwa kula

Wanaomhubiria mgonjwa aache chakula na dawa ili apande mlimani wangeanza kwa kuisoma upya habari ya nabii Elia katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Elia alikimbilia nyikani akiwa amechoka na kukata tamaa, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Leo daktari angemwona na kuandika sonona kwenye faili lake. Malaika aliyetumwa kwake hakuanza na mahubiri. Alimwamsha ale. Kulikuwa na mkate na maji. Elia akala, akanywa, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale tena kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Baada ya hapo ndipo alipokwenda mlimani, na huko akakutana na Mungu katika utulivu.

Utaratibu uko wazi: chakula, maji na usingizi vilitangulia, mlima ukafuata.

Yesu mwenyewe, kwa mujibu wa Injili ya Marko sura ya kwanza, alitoka alfajiri kwenda mahali pa faragha kusali, na baada ya hapo akarudi kwa watu na kazi. Luka anatajwa katika Agano Jipya kuwa tabibu. Na Wakatoliki wanaosoma kitabu cha Yoshua bin Sira watakuta katika sura ya 38 maelekezo kwa mgonjwa: asali, na ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana.

Mkoa wa Mara umelijua hili muda mrefu. Wamisionari wa Kimenoni walipofika Shirati mwaka 1934 hawakuishia kujenga kanisa, na hospitali iliyotokana na kazi yao inaendelea kutibu watu hadi leo.

Butiama nayo ina mfano. Mwalimu Julius Nyerere, aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, alikuwa mtu wa sala na misa, kiasi kwamba Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mwaka 2005 mchakato wa kumwombea atangazwe mwenyeheri. Baada ya kung'atuka urais mwaka 1985 alirudi kijijini, kwenye mawe na mashamba ya Mwitongo. Alipougua saratani ya damu, imani hiyo haikumzuia kujikabidhi kwa madaktari wa Hospitali ya St Thomas' jijini London, ambako alifariki Oktoba 14, 1999.

Kifo chake kinatukumbusha pia kwamba dawa nazo zina mwisho wake. Yupo mgonjwa ambaye madaktari wamefanya walichoweza. Kwa huyo, kiti chini ya mwembe, upepo wa ziwa, mjukuu wa kumsomea zaburi na dawa ya maumivu iliyotolewa kwa wakati ndiyo matibabu yenyewe. Asinyimwe hata kimoja.

Nani asifunge, nani asipande peke yake

Sala ni ya kila mtu. Kufunga, kukesha na kupanda milima si kwa kila mgonjwa. Wafuatao wazungumze kwanza na daktari au muuguzi wao:

Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari. Asifunge kabla ya kupata ushauri, na popote aendapo awe na sukari au pipi mfukoni na mtu anayejua hali yake.

Mwenye presha au ugonjwa wa moyo. Asiruke dozi hata siku moja. Presha iliyodhibitiwa ikiachiwa ghafla inaweza kuleta kiharusi. Akipanda apande taratibu, na akihisi kifua kubana au pumzi kukata, ashuke na kwenda hospitali.

Anayetumia dawa za VVU au za kifua kikuu. Dozi zikirukwa, vimelea hupata nafasi ya kuwa sugu. TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi sita, na kujisikia vizuri mwezi wa pili hakumaanishi umepona. Kama unafunga, kidonge na maji yake havivunji sala yako. Beba dawa zako pamoja na Biblia.

Mwenye kifafa. Asikae peke yake juu ya mawe wala karibu na maji, kwa kuwa kifafa kikimshika pale, mwamba au ziwa ndilo litakalomuua. Kukosa usingizi kwenye mikesha nako huchochea kifafa.

Mjamzito na anayenyonyesha. Mwili wake unalisha wawili. Akiumwa kichwa kikali, akaona ukungu machoni, akatokwa damu au mtoto akipunguza kucheza tumboni, aende kituo cha afya papo hapo.

Mwenye sonona. Kutoka nje na kusali kunaweza kumsaidia sana, lakini asiachwe peke yake kwa muda mrefu. Akitaja kujiua, hata kwa utani, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Msimwambie kwamba imani yake ni ndogo.

Kwa wazazi

Mtoto hachagui kufunga wala kukesha. Anachaguliwa. Kwa hiyo mzazi ndiye mlinzi wake wa kwanza, hata mbele ya kiongozi wa dini.

Mtoto mdogo asifungishwe. Akiba ya nguvu mwilini mwake ni ndogo, na maji humwishia haraka kuliko mtu mzima.

Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita siko seli. Baridi ya usiku, uchovu na upungufu wa maji ni mambo yanayoamsha maumivu yake makali. Mtoto huyu kupelekwa kwenye mkesha juu ya mawe, akiwa na kishuka kimoja na bila maji, ni kumtafutia kulazwa. Msalieni nyumbani, avae nguo za joto, na chupa ya maji iwe karibu.

Homa katika mkoa wetu ni malaria mpaka kipimo kikatae. Mtoto mwenye homa apimwe ndani ya saa 24. Na hapa nasema kwa msisitizo kuhusu degedege: mtoto anayekakamaa na kugeuza macho hapelekwi kwenye maombi kwanza. Mlaze ubavu, usimwekee kitu mdomoni, na anza safari ya hospitali. Anayetaka kumwombea aombe akiwa ndani ya gari au juu ya bodaboda. Malaria iliyofika kwenye ubongo haisubiri ibada iishe.

Upande wa pili, usimfungie mtoto mgonjwa ndani mchana kutwa ukidhani unamlinda. Mtoto anayepata nafuu anafurahia kukaa kivulini na mama, kuhesabu ndege, kutaja kwa jina vitu anavyomshukuru Mungu kwa ajili yake. Dakika kumi za namna hiyo humtuliza mtoto aliyezoea kuogopa sindano, na mara nyingi mama pia anatulia.

Ziwa, jua na radi

Mazingira yetu ni mazuri lakini yana masharti yake.

Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache tu. Keti juu ya mwamba mkavu, usitumbukize miguu kwenye maji ya kina kifupi yenye magugu ili "kutuliza mawazo". Kama umezoea kuingia majini, kapime kinyesi na upate tiba, maana kichocho cha tumbo kikikaa miaka mingi huharibu ini. Na usisahau mamba na kiboko.

Mbu wa malaria huuma kuanzia jua linapozama hadi alfajiri. Anayesali mapema sana avae mikono mirefu na soksi. Anayekesha nje anakuwa ametoka ndani ya chandarua chake kwa usiku mzima.

Jua la mchana ni kali. Nenda kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, ukiwa na maji. Mwenye ualbino achague kivuli kizito, avae kofia pana na apake mafuta ya kuzuia jua, kwa kuwa saratani ya ngozi ndiyo adui yake mkubwa.

Ukiona wingu zito limesimama juu ya ziwa au ukasikia ngurumo, ondoka kwenye mwamba na usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Radi za ukanda huu si za mchezo. Ingia ndani ya nyumba.

Kwa wakazi wa vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, upweke wa porini si wa kuutafuta. Tembo hutoka hifadhini, na mtu aliyefumba macho hamwoni. Sali uwanjani kwa nyumba yako.

Nusu saa inatosha

Kwa mgonjwa anayetaka kuanza, huu ndio mpangilio ninaoupendekeza. Kula kifungua kinywa na umeze dawa zako. Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Chagua mahali ambapo unaweza kufika bila kuhema: mti wa uani, bustani ya kanisa, jiwe la karibu. Simu iwe nayo, lakini sauti uizime.

Ukifika, keti wima, mgongo ukiegemea. Dakika tano za kwanza usiombe kitu. Sikiliza tu upepo, maji, ndege. Vuta pumzi taratibu kwa puani ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita. Kisha chukua neno fupi la sala yako au mstari mmoja wa Maandiko, ulisema ndani ya pumzi hizo, bila haraka. Mkatoliki anaweza kutumia rozari, Msabato zaburi, Mmenoni na Mwanglikana wimbo wanaoupenda. Mawazo yakikutoroka, yarudishe bila kujigombeza. Dakika za mwisho taja unachokiogopa kwa jina lake, kama ni upasuaji, kama ni majibu ya kipimo, kama ni deni la hospitali. Maliza kwa kushukuru, simama taratibu usije ukapata kizunguzungu, urudi nyumbani.

Fanya hivyo mara nne kwa wiki kwa mwezi mmoja. Kama una presha, ipime kabla ya kuanza na baada ya mwezi, uandike. Hata ikiwa imeshuka, anayepunguza dawa ni daktari wako.

Wito kwa makanisa na hospitali

Kwa viongozi wa dini nina ombi moja, nalo ni sentensi moja tu ya kutangaza kabla ya kila mfungo, mkesha au hija, iwe ni ya jumuiya ndogo Bweri au ya mahujaji wanaokwenda kituo cha Huruma ya Mungu Kiabakari: "Wenye dawa, wanywe dawa zao, wajawazito, watoto na wagonjwa wasifunge." Daktari anaweza kuisema mara mia na isisikike. Ikitoka mdomoni mwa padri au mchungaji, mgonjwa anashusha pumzi, kwa kuwa amepewa ruhusa ya kuishi bila kujiona msaliti.

Kwa wauguzi na madaktari: ulizeni. Mkimwandikia mtu dawa, mwulizeni kama anafunga na kama ana mpango wa kwenda kwenye maombi. Ulizeni kwa heshima, kama mnavyouliza kuhusu mzio wa dawa. Mgonjwa atawaambia, na mtapanga naye saa za dozi.

Kwa kamati za hospitali na zahanati zetu: pandeni miti, na chini yake wekeni viti. Mwarobaini au mwembe hauhitaji bajeti ya wizara. Ndugu wanaolala barazani wakisubiri mgonjwa, na wagonjwa wanaoanza kutembea baada ya upasuaji, wapate mahali pa kukaa na kusali ambapo muuguzi anaweza kuwaona kutoka dirishani. Mgonjwa akipata utulivu hapo hospitalini, hatakuwa na sababu ya kutoroka wodi kuutafuta mlimani.

Na wewe unayesoma hili ukiwa na kadi ya kliniki mkobani, tazama tarehe yako ijayo. Itunze tarehe hiyo kama unavyoitunza saa yako ya sala.